Kunde Dhidi ya Saruji

Msimamizi wa jengo letu la Umbilo, Mkenya mwenye adabu nyingi na subira kidogo, alinipa hadi mwisho wa Novemba. Uwanja wa nyuma usipokuwa kijani, anaumwagia saruji uwe wa kuegesha magari. Nilikuwa nimeomba hadi Krismasi. Tulikutana katikati, ila katikati hiyo ilikuwa upande wake.

Uwanja ulikuwa hatua kumi na nne kwa tisa. Niliupima mara mbili. Vumbi tupu, na lote liliingia dukani kwangu, ndani ya simu za watu nilizokuwa nimezifungua kuzitengeneza.

Kosa nililifanya Septemba. Kwetu Bukavu, mvua ya Septemba ikigonga bati unashika jembe, huulizi mtu. Hapa Durban ilinyesha siku moja, nikapanda nusu ya kunde zangu. Zikaota vizuri. Kisha ukaja ule upepo wa moto kutoka bara, siku tatu, miche yote ikalala kama imepigwa pasi.

"Yaya, bustani yako iko wapi?" akauliza jirani yangu wa saluni, anayeniita dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu.

"Iko likizo."

Nikahesabu mbegu zilizobaki, nikarudia. Hazikutosha kukosea tena. Oktoba ikanyesha, jirani akapiga kelele, "Panda basi, mvua iko!" Nikachomeka kidole ardhini: unyevu uliishia kwenye kucha. Sikupanda. Ikanyesha tena, ukafika kiungo cha kwanza. Sikupanda. Msimamizi akapita na futi yake.

"Mama, hata hujaanza?"

"Wewe pima tu. Kupima ni bure."

Mwisho wa mwezi ikanyesha siku mbili mfululizo, na kidole kizima kikatoka na tope. Asubuhi hiyo nikapanda kunde karibukaribu, ili majani yafunike udongo. Nilikuwa pia na mbegu za maua ya mwitu; hizo nikaziacha koponi hadi Machi, jua lipungue ukali.

Siku ya mwisho msimamizi alikuja na lori la fundi wa saruji. Kunde zilikaribia magoti. Akazunguka, akaona kona moja wazi karibu na bomba.

"Hapa si kijani."

"Basi hapo weka gari lako. Moja. Ukikanyaga kunde ukirudi nyuma, utanilipa mche kwa mche."

Akanitazama, akazitazama kunde, akamwambia fundi ageuze. Mimi sikucheka mpaka roboti, ile taa ya njia panda, ilipowaka kijani na lori likaondoka kabisa.