Chavua Iliyosafiri Kichwani mwa Mama Nyangeta

Jumamosi alfajiri niliondoka kwangu Nyasho, Musoma, kwa kuogopa aibu. Mshubiri wa mawe, mmea unaoota kwenye vilima viwili tu duniani, kimoja Butiama na kingine Bunda, ulikuwa umechanua tena Butiama, nami mwalimu wa baiolojia nilishawaapia wanafunzi kwamba mwaka huu utazaa. Shida ni kwamba mishubiri yote ya Butiama ni machipukizi ya mama mmoja, na kila ua hukataa chavua ya ndugu yake. Chavua, ule unga wa njano wa kiume, ilibidi itoke Bunda, la sivyo mmea ungezeeka bila mtoto.

Saa tatu, Bunda. Mama Nyangeta, ambaye shamba lake linapakana na kilima cha pili, alinipokea kwa uji. Nilikuwa nimempigia simu kwamba nakuja kuona maua. Tukapanda kilimani. Maua yaling'aa, lakini chavua haikuwepo hata chembe.

"Mama, ule unga wa njano uko wapi?"

"Si nimefuta! Wageni wakija nafutaga vumbi kila mahali. Mwalimu mzima uone maua machafu?"

Nilikaa kwenye jiwe, karibu nilie. Ndipo nikaona pindo la kilemba chake: njano tupu!

"Nipe hicho kilemba, mama yangu."

"Nibaki kichwa wazi mbele ya mwanaume? Twende nacho kikiwa hapa hapa."

Saa sita, Makutano, njia panda ya kwenda Butiama. Tukapanda bodaboda. Upepo usije ukapeperusha chavua, Mama alijifunika kichwani sufuria aliyotoka nayo nyumbani.

"Mama, hiyo ndiyo helmeti?" dereva akauliza.

"Endesha. Nimebeba bwana harusi."

Saa saba, Butiama. Mama alivua sufuria, akapiga magoti, akainamisha kichwa na kusugua kilemba kwenye kila ua, nami nikimwelekeza: kushoto, chini kidogo, hapo hapo. Magesa, mlinzi wa kilima, alidhani ni maombi. Alivua kofia, akaitikia amina kwa kila ua, na maua yalikuwa arobaini na moja.

Jioni nilirudi Musoma na wasiwasi mtupu. Wiki tatu baadaye Magesa akapiga simu: matunda sita yamevimba! Nilicheza peke yangu ofisini. Nimejifunza kwamba ukienda kutazama maua ya watu, waeleze kwanza unatafuta nini.

Nilimpigia Mama Nyangeta. Alipiga vigelegele hadi mumewe akasikika akiuliza nani kajifungua.

"Mimi na mwalimu," akajibu, na simu ikakatika.