Ngojeni Papa Ngoy Ameze

Siku ile ya beseni imenirudia tangu asubuhi, mwanangu, na kila ikinirudia kichwa kinachanganyika kama siku yenyewe. Ilikuwa ile vita ya mwisho wa miaka ya tisini, na sisi watu wa Kamina hatukujua vita iko upande gani. Watu walitoka Mulongo na mizigo kichwani, wakisema huko hakukaliki. Na watu wa kwetu walifunga mizigo kwenda Mulongo, wakisema kule ndani ya matete ya mto hakuna askari atakayekuona. Walipishana palepale kwenye treni. Ukimuuliza mmoja anakimbia nini, anakuonyesha kule mwenzake anakokwenda.

Mimi nilikuwa sijakaa sana kwenye nyumba ya bwana yangu Kasongo. Baba yake, Papa Ngoy, alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni na kumwonyesha machinisti, yule anayeendesha treni, kwa mkono: simama, kuja polepole, pita. Alikuwa na sauti nzito, kanisani alikuwa anafunika wote. Kisha ugonjwa ukamshika kwenye koo, wakamtuma Lubumbashi, na daktari akakitoa kisanduku cha sauti chote. Akarudi na tundu hapa, chini ya shingo, njo mlemle anapumulia. Hewa haipiti tena puani wala mdomoni. Chai ya moto hawezi kuipuliza. Mboga ikiungua hasikii harufu. Kuandika alijua jina lake tu. Akitaka kusema, anachezesha midomo bila hata mnong'ono, na wewe umwangalie.

Hapo tukachanganyikiwa sote. Jirani yetu Mama Zaina, wa wale watu wa Maniema wanaouza vitambaa sokoni, alimletea kitambaa chepesi cha kufunika lile tundu, Mungu amrehemu, lakini alikuwa anampigia kelele: "PAPA NGOY! UMELALA MUZURI?" Na mzee masikio yake mazima, anaruka kwenye kiti. Shemasi Mutombo naye akija, ananyamaza, anamjibu kwa mikono, mpaka wote wawili wanakaa kama mabubu. Watoto wake wenyewe walikuwa wanamalizia maneno yake kabla midomo haijafungika.

Na mimi? Kwetu Baluba, mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe usoni, wala hali mbele yake. Unapiga magoti, unaweka beseni la kunawa, macho chini. Basi maneno yote ya Papa Ngoy yalikuwa kwenye uso wake, na uso huo mimi nimekatazwa. Nilijua mikono yake tu.

Siku hiyo ya beseni watoto wake walikutana mchana kula bukari, ugali wetu, na kukata shauri tukimbilie wapi. Ilunga, mtoto wa kwanza, alikuwa ameshapanga: treni mpaka Bukama, halafu mtumbwi kwenye Lualaba mpaka Mulongo. Mimi nilikuwa mlangoni, nasikia.

Sasa fahamu, mwanangu, kula kwa mtu kama yule si kula kwetu. Tonge moja analitafuna mpaka wewe umemaliza lako la tatu. Anakunywa maji kidogo, ananyoosha shingo, anangoja lishuke. Na mdomo ukiwa na tonge hauwezi kusema. Kwa hiyo kila Ilunga alipomuuliza neno, tonge lilikuwa bado njiani.

"Papa, tunaenda na mutumbwi, eh?"

Papa Ngoy akanyoosha mkono sawasawa mbele yake, ule mkono wa reli wa kusimamisha treni. Tonge likamkwama. Lo! Wote wakainuka. Mmoja anampiga mgongoni, mwingine anataka kummwagia maji, Mama Kabange mke wake analia, "Anakufa! Anakufa!" Na yeye amekaa tu, kitambaa cha shingo kinapanda na kushuka taratibu, mkono bado umenyooshwa. Alikuwa anapumua vizuri kuliko wao. Tonge likashuka.

"Mumeona?" Ilunga akasema. "Muzee amechoka. Anakubali. Kesho tunapanda."

Wakaniita nilete maji ya kunawa. Nikapiga magoti, macho yangu ndani ya beseni. Papa hakunawa. Aliweka kiganja juu ya maji, kimekunjika kama mtumbwi. Akakisukuma. Akakipindua. Kisha kidole kikatoka majini, kinadondosha matone, kikaenda kugusa kile kitambaa cha shingo. Akarudia. Mtumbwi, kupinduka, shingo. Nikachanganyikiwa. Anataka nimfulie kitambaa? Akakutanisha mikono yake na kupiga makofi yale ya heshima, yeye mzee, ananipigia mimi! Nikainua macho.

Midomo ikasema polepole: mayi itaingia. Nitakufa.

Mwanangu, mimi kusema mbele ya wanaume wa nyumba ile! Lakini nikasema. "Papa anakataa mutumbwi. Mayi itaingia kwa tundu, itaenda mu mapafu."

Ilunga akanigeukia. "Weye! Umemuangalia Papa mu uso?"

Nikataka ardhi inimeze. Ndipo Mama Kabange akafuta machozi na kitenge. "Muache. Miye muke yake, nimekuwa nalia tu. Weye mutoto yake, umekuwa unasema tu. Nani mwengine hapa alimuangalia?"

Ilunga akavuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake, magoti kwa magoti. "Papa, sema. Nangoja." Na akangoja kweli. Papa Ngoy akasema maneno marefu yasiyo na sauti, na nikaona uso wa Ilunga unabadilika: daktari alikuwa amemkataza mto, mvua kali, hata kujimwagia maji ovyo, na tangu arudi alikuwa anatueleza.

Hatukupanda mtumbwi. Tulikwenda kwa miguu mpaka mashamba ya Mama Kabange nje ya mji, Papa juu ya baiskeli, kitambaa kimeloweshwa kidogo kwa sababu ya vumbi. Baadaye tukarudi. Vita ilipita wapi, hata leo sijui. Na kama nilivunja heshima siku ile au niliishika, hilo pia sijui. Mama yangu mzazi alisema nimevunja, Papa Ngoy mpaka anakufa alikuwa ananiita nikae mbele yake.

Lakini hili nalijua, nakuachia. Mtu akipoteza sauti hajapoteza neno. Usimpigie kelele, usimsemee, usimalizie. Kaa mahali unapoona midomo yake. Ukimkuta anakula, shauri lingoje.

Mungu akulindie koo lako, mwanangu. Na siku likichoka, akupe watu watakaongoja umeze.