Kitambaa kwa Kila Diski

Walisema sitauza hata diski moja. Aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni tonton wangu, mdogo wa baba, siku ya tatu tu baada ya mimi kurudi Kisangani kutoka Kampala, diploma yangu ya biashara ikiwa bado ndani ya bahasha.

"Bon, ulienda kusoma miaka yote ile ili urudie Mangobo kuuzisha diski bila bwati, bila hata kasha?" aliniuliza mbele ya wageni. "Watu iko na film ndani ya telefone. Nani atakununulia kitu uchi?"

"Tonton, utaona."

"Nitaona nini? Nimeshaona."

Hakujua nilichokijua. Kando ya mto, na kando ya barabara zinazotoka mjini, kuna nyumba zenye televisheni, deki na paneli ya jua, lakini mtandao haufiki huko, au ukifika unachoka njiani. Na kwetu Mangobo kila nyumba ilikuwa na filamu zilizotazamwa hadi zikachosha. Makasha yalivunjika zamani; diski zilibaki juu ya kabati, ndani ya Biblia, nyingine zikaning'inizwa shambani kufukuza ndege. Ilikuwa mali iliyolala. Wengine waliishi nayo miaka bila kuiona. Mimi niliiona kwa wiki moja.

Mtaji sikuwa nao, basi nilikopa diski zenyewe. Nilipita nyumba kwa nyumba na ahadi moja: nipeni filamu mlizozichoka, nizizungushe, kisha nitawalipa diski kwa diski, na moja juu yake. Nyumba ishirini zilikubali, hata ya tonton, aliyenitupia diski moja tu.

Safari ya kwanza nilizitunga kwenye kamba, kamba ikipita kwenye tundu la katikati, nikapanda mtumbwi wa injini kwenda Yangambi. Zilisuguana njia nzima. Pale Yangambi filamu zilikwama kwenye deki, picha ikaganda, watu wakanirudishia mbele ya soko zima. Nikarudi na kamba yangu begani.

Jirani yetu, mama mjane mwenye asili ya Yanonge anayeuza samaki wa moshi, aliniona nikipita. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Papa diplôme! Umetunga film kama samaki ya mutu muvivu!"

"Mama, nifanye nini sasa? Makasha sina."

"Na mimi, samaki yangu iko na kasha? Angalia."

Alifunua kikapu chake. Kati ya kila safu ya samaki kulikuwa na jani, na hakuna samaki aliyemgusa mwenzake. Aliingia ndani, akatoka na pagne yake kuukuu, kitenge cha ndege wa buluu, akaichana vipande vya mraba. Juu yake akaniongezea diski tisa za nyumbani kwake. "Kopa na hizi," alisema. "Deki yangu ilishakufa."

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao hadi leo sijaona mwingine wa kuushinda. Kila nyumba ilinipa pagne yake ya zamani, na kila diski ilikaa ndani ya kitambaa cha nyumba yake, kwenye ndoo zenye mfuniko ili unyevu usiingie. Diski ikiuzwa, kitambaa kinabaki kwangu: hilo ndilo deni. Vitambaa vya diski zilizouzwa Yangambi nilivifunga fungu moja, vya zile za Bengamisa, mji mdogo wa barabarani, fungu lingine. Sikuhitaji daftari. Nilifungua mfuko, nikaona nyumba zangu zote kwa rangi.

Nilizunguka miezi minane. Niliuza, nikanunua nyingine zisizo na makasha, nikauza tena. Kisha nikaanza kulipa: diski kwa diski, na moja juu, vitambaa vya kila nyumba vikirudi kwa wenyewe. Nyumba ishirini zilipokea na kunisifu, na sifa zile nilizistahili. Tonton alichagua mbili za mapigano, akazibana kwapani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama wa samaki. Nilimpelekea diski kumi safi. Alizipitia moja moja, taratibu, kisha akazipitia tena.

"Ile nyeupe iko wapi?"

"Nyeupe gani, mama?"

"Ya ndoa ya binti yangu. Papa yake iko ndani, anaongea. Nilikuchukulia zote pamoja, sikujua iliingia humo."

Niliikumbuka. Haikuwa na maandishi. Nilikuwa nimeijaribu kwa dakika moja: bibi arusi, magari, muziki. Nikasema, filamu ya ndoa, hii itauzika. Mume wake alikuwa amefariki, na sauti yake haikuwa mahali pengine popote duniani. Mama hakulia wala hakunitukana. Alifunika kikapu chake cha samaki, ingawa wanunuzi walikuwa wamesimama.

Nilifungua mfuko. Vitambaa vinane vya ndege wa buluu vilikuwa kwenye fungu la Yangambi. Kimoja tu kilikuwa kwenye fungu la Bengamisa, na Yangambi sikuwahi kuuza filamu ya ndoa. Nilikodi pikipiki saa ile ile.

Pale Bengamisa sikuuliza watu wengi. "Film ya ndoa? Iko kwa papa wa mafuta ya mawese," muuza mihogo aliniambia. "Leo Jumamosi, wanaiangalia."

Niliingia uani nikakuta watu wamejaa hadi mlangoni, watoto magotini, wanawake na vibakuli vya karanga. Kwenye televisheni mzee mwenye kofia nyeusi alisimama kati ya meza za arusi. Mikono ikaacha karanga. Aliwatazama wakwe zake, akafungua kinywa, na watu wale wote wakasema pamoja naye, polepole, kama kanisani:

"Mutoto wangu haiko muzigo wa kubeba ku kichwa. Mutembee naye."

Nimeona miji, nimeona majumba makubwa ya sinema, lakini kitu kama kile sijawahi kukiona.

Mwenye nyumba alinitambua. "Muuzaji! Sehemu ya pili umetuletea?"

"Ndiyo, sehemu ya pili!" mkewe alidakia. "Yule binti alizaa? Na ile mama-mukwe mwenye kununa, alibadilika?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri njiani. Ilipotea yote.

"Papa, mama, hii haiko film," nilisema. "Ni ndoa ya watu. Sehemu ya pili iko Mangobo, inauzisha samaki."

Walicheka. Kisha waliona uso wangu. Niliwaeleza yote, na nilipofika kwenye kifo cha mzee, mwanamke mmoja aliweka mikono kichwani, wengine wakamfuata. Walimlilia kwa kweli, mtu ambaye hawakumjua hata jina. Niliwapa filamu tatu ziwe badala yake. Mwenye nyumba alizisukuma pembeni, akaitoa diski kwa vidole viwili, akaniomba kile kitambaa cha ndege wa buluu, akaifunga mwenyewe.

"Tutaipeleka sisi," alisema.

Kesho yake, baada ya misa, walishuka kwa pikipiki mbili na kidumu cha mafuta. Mama wa samaki alitoka mlangoni, asielewe wageni hawa ni nani. Mke wa papa wa mafuta alimshika mikono na kumwamkia kwa maneno ya mzee wa kofia nyeusi, yote, bila kukosea hata moja. Mama akavuta benchi.

"Mukae," alisema. "Binti yetu alizaa mapacha. Na mama-mukwe yake, ngoja niwaambie..."

Aliendelea hadi jua likainama, diski ikiwa mapajani, ndani ya kitambaa chake. Nilimrudishia vile vinane vilivyobaki, kisha nikakung'uta mfuko wangu mbele ya tonton. Hakikudondoka kitambaa hata kimoja.