Kochi Lililosimamisha Gari Langu

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilinukia mafuta ya nazi. Ndiyo siku mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, alipokuwa anasafiri kwenda Umra, na mimi ndiye niliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba hapandi gari la mtu mwingine kwenda Airport ila langu. Wewe unayeniuliza kama ubadilishe breki mwenyewe au ulipeleke gari kwa wenye kampuni, tulia nikwambie. Shule mimi niliiachia darasa la sita, lakini somo hili karo yake nililipa yote.

Breki zilikuwa zimekwisha. Nikavuka kwenda kisiwani, kwenye duka kubwa la kampuni ya magari, lile lenye vioo na baridi ya mashine. Kijana mwenye tai akanikaribisha kahawa, akalizunguka gari langu kama anayelisomea hitima, kisha akaniletea bei: elfu thelathini na nane. Pedi za breki, diski zake, kazi ya fundi, na kuoshewa gari bure.

"Mwanangu," nikamwambia, "nikija na gari safi mtapunguza?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikanywa kikombe cha pili cha kahawa ili nisitoke mikono mitupu, nikarudi zangu nyumbani, Magongo.

Katika walionikosea, kijana yule ni wa kwanza, maana hakunieleza diski zangu zina nini hata zibadilishwe. Wa pili ni Sudi, muuza spea, aliyeniuzia pedi kwa elfu tatu na nusu akaniapia wallahi kwamba kuzifunga hata bibi yake angeweza. Wa tatu ni Chondo, jirani yangu, dereva wa tuktuk. Huyo nitamtaja mpaka siku nafukiwa.

Nilizifunga mwenyewe uani, jeki upande huu, simu upande ule, inanionyesha fundi anayeongea lugha nisiyoijua. Na haki nijipe: nilizifunga sawasawa. Ila diski zilikuwa zimelika, zina mifereji, na kila nikikanyaga gari linalia kama mbuzi aliyekiona kisu.

Asubuhi ya safari Chondo akalisikia. Alikuwa amekuja kunywa chai, yaani chai yangu.

"Bakari, mgeni wa Mungu utampeleka na kelele hizo?"

"Nifanyeje?"

"Mlango wa choo chako ulipolia, uliupaka nini?"

"Mafuta."

"Basi?"

Mwanangu, mtu akikwambia jambo kwa utulivu, huku anatafuna mahamri, utamwamini. Nikaingia ndani, nikachukua chupa ya mke wangu ya mafuta ya nazi ya nywele, nikazipaka pedi na diski bila uchoyo. Nikalisukuma gari mbele na nyuma hapo uani: kimya. Nikamshukuru Chondo. Nilimshukuru!

Tukatoka kwa honi na vigelegele, gari langu mbele, la shemeji zangu nyuma, na Chondo mkiani na tuktuk yake amebeba mabegi. Bi Mwanakombo amekaa kando yangu, buibui jipya, tasbihi mkononi. Safari hii aliingoja tangu mumewe yuko hai. Barabara tambarare haikunidai kitu, kwa kuwa hakuna aliyenisimamia mbele. Tulipoanza kuteremka ndipo nikaona lori limesimama. Nikakanyaga. Gari likateleza kama sabuni bafuni. Nikakanyaga tena. Handibreki nayo ilikuwa imekufa siku nyingi, bado naipatania bei ya kuitengeneza.

"Bakari, mbona husimami?"

"Nasimama, mama."

"Wasimama wenda wapi?"

Kulia magari yanakuja, mbele lori, na kushoto maseremala wamepanga makochi yao ya kuuza kando ya barabara, wao wenyewe wako kivulini. Nikaingiza gia ndogo, nikakata usukani, nikalitia gari katika kochi la watu watatu, la maua mekundu. Likasimama polepole, kama lililofika. Hakuumia mtu. Bi Mwanakombo akafungua macho, akayatazama yale maua yaliyojaa kiooni.

"Ndiyo Airport hii?"

Ndege haimngojei mama mkwe wa mtu. Chondo akapenya na tuktuk yake, akampakia, akaondoka mbio, na shemeji zangu nyuma yake. Mimi nikabaki na seremala amenishika shati.

"Kochi umeshalinunua, mzee. Wataka na mito yake?"

Mama aliiwahi ndege. Picha za kumuaga ninazo: yeye katikati, Chondo ubavuni pake, meno yote nje. Mimi simo. Na aliporudi, chupa ya kwanza ya zamzam ilikwenda kwa Chondo, na tende juu. Mimi akaniita kando.

"Bakari, kule nilikuombea."

"Ahsante mama. Riziki?"

"Hata. Akili."

Sasa chukua zile elfu tatu na nusu zangu. Tia kochi, tia bampa na taa, tia kuvutwa gari, tia chupa ya mafuta ninayokumbushwa mpaka leo. Nilipoipita bei ya yule kijana mwenye tai niliacha kujumlisha. Kochi liko sebuleni. Wageni hulisifu, nami husema ahsante.

Kwa hiyo nakuusia. Wenye kampuni wakikutajia bei usinune ukaondoka kama mimi. Waulize kila kitu ni cha nini, kisha ndipo ununue pedi pengine ukipenda. Kama kuzifunga hujui, mpe fundi ambaye kazi yake umeiona, ukae hapo hapo umtazame. Breki ikilia ina neno inakwambia, mtafute wa kukufasiria, usiizibe mdomo. Mafuta usiyasogeze karibu nayo abadan. Na kabla hujampakia mama wa mtu, lijaribu gari peke yako, mahali pasipo lori. Chondo ukimkuta msalimie tu; tuktuk yake, ukweli usemwe, husimama.

Mungu akujaalie gari linalokwenda, akuzidishie na la kusimama. Na siku utakapompeleka mama yako Airport, akufikishe salama, nawe uonekane kwenye picha. Amin.