Sindano za growth factor, na vijiko vya baba kila Jumamosi

Wakuu, salamu. Kwa kawaida mimi husoma nyuzi zenu na kucheka na comments, basi. Leo naleta ya kwangu, na sehemu inayoniaibisha sijaikata.

Miaka ya tisini tuliishi Shauri Moyo, Nairobi, mimi binti yake na baba tu, mama alishafariki. Nilikuwa karani Industrial Area. Baba alikuwa mchongaji, Mkamba wa patasi na tezo, kibanda chake nyuma ya soko la Gikomba.

Kidole gumba cha kulia kikaanza kumkatalia. Kisha misuli ya kiganja ikanywea. Tulizungushwa kliniki hadi kliniki mpaka daktari mmoja akatupa jina: motor neurone disease. Seli za neva zinazoendesha misuli zinakufa, na tiba hakuna.

Kaka yangu alikuwa ng'ambo. Alihangaika huko akapata dawa iliyokuwa bado kwenye majaribio, growth factor. Hizi ni protini ambazo mwili wenyewe hutengeneza ili seli za neva zikue na zibaki hai. Wazo lilikuwa kwamba tukimwongezea, huenda seli zilizobaki zisife.

Daktari alikubali kusimamia kwa shingo upande. "Sijui kama itasaidia," akaniambia. "Kila wiki niletee ukweli. Anashika nini, anamezaje, anatembeaje."

Chupa zilikaa kwenye friji ya soda ya jirani yetu mwenye duka. Sindano nilimdunga mwenyewe tumboni kila asubuhi.

Kipimo changu kilikuwa rahisi: kila Jumamosi baba achonge kijiko kimoja cha mti.

Vijiko vya kwanza vilikuwa vibaya, Mungu anisamehe. Wiki ya tano kikaja kizuri. Ya sita, kizuri zaidi, mpini umepigwa msasa ukateleza. Nililia kwa furaha. Nikamwandikia kaka atafute chupa zaidi, nikamwambia daktari mzee anapata nafuu. Kuhusu kumeza nilijibu "sawa" bila hata kufikiri. Nyumbani nikaendelea kupika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, punje nzima nzima, kama kawaida.

Jumamosi ya saba nilitoka kazini mapema, nikampelekea chai kibandani.

Nikamkuta Mzee Mutua, rafiki yake wa miaka mingi, ameshika tezo anachonga kijiko. Baba amekaa pembeni, mikono mapajani, anamwelekeza.

Nikammiminia baba chai kwa hasira. Akapiga funda moja na ikampalia.

Wakuu, sijawahi kuogopa vile. Macho yalimtoka, midomo ikageuka rangi, sauti haitoki. Mimi nimesimama na thermos. Mutua ndiye aliyemwinamisha na kumpiga mgongoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka pumzi ikarudi na mlio mbaya.

"Hii si mara ya kwanza," Mutua akasema, hanitazami. "Ni wiki tatu sasa anapaliwa hivi, na vijiko nachonga mimi. Alinikataza nikuambie."

Nikamgeukia baba. "Kwa nini, Baba?"

Ulimi wake ulishakuwa mzito. "Ndugu yako amehangaika huko. Na wewe, mama, ulikuwa umefurahi sana."

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari, nikasema kila kitu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alimpima koo akanionyesha: akae wima, kidevu chini, chakula laini, vinywaji vizito. Sindano akazisimamisha. Kwa baba hazikuwa zimefanya kitu.

Muthokoi ule ungeweza kumuua, na ningeendelea kuandika "nafuu". Hapo najilaumu mpaka leo.

Aliishi mwaka na miezi kadhaa. Growth factor sina ugomvi nayo. Sayansi hujaribu, mara nyingine inashindwa, na waliojaribu hawakutudanganya. Tuliodanganyana ni sisi wenye kupendana.

Nilikuja kugundua kwamba kila Jumamosi nilikuwa namuuliza, "Leo ni afadhali, sivyo, Baba?" Angejibu nini hapo?

Jioni ile tuliyotoka kwa daktari nilimuuliza tofauti: "Nini kimekuwa kigumu leo?"

Alianza kunieleza, neno moja moja. Uji ulipoa mbele yetu na alikuwa bado hajamaliza.

Wenye wagonjwa nyumbani, nyinyi huwa mnawaulizaje? Tuambieni hapa chini.