Marehemu wa Faili Moja

Ukifiwa huku Bondeni, hata kabla hujamtafuta mtu wa tenti, watu watakuuliza kama umeshafika kwa Mama Shiko. Jina lake ni Edinah, lakini nani atamwita mama wa watu jina? Ana duka dogo lenye kompyuta moja, printa, na benchi ambalo limekaliwa na waliofiwa wengi kuliko mabenchi ya makanisa mengine. Anakuchapia kitabu cha maisha ya marehemu, halafu anakutengenezea slaidi, yaani picha za mwendazake tangu ujana wake, zinazopita moja moja kwenye skrini kubwa chini ya tenti huku kwaya ikiimba. Siku hizi mkizika bila slaidi, majirani watasema mlimtupa mtu wenu.

Na slaidi za Mama Shiko zilikuwa na sifa. Picha ilitokea polepole ndani ya fremu ya maua meupe, ikakaa, kisha ikafifia kama mtu anayeaga. Wengine walijaribu kumuiga wakachoka. Siri yake ilikuwa uvivu, tuseme ukweli. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kutengeneza faili jipya. Kila marehemu aliingia katika faili la marehemu aliyemtangulia. Aligundua mapema kwamba akifuta picha ya zamani, ule mwendo wake wa polepole nao unapotea, na kuupanga upya ni kazi ya kutoa jasho. Basi hakufuta. Aliibandika picha mpya juu ya ile ya zamani, akabadilisha jina, kazi ikaisha.

Chini kabisa ya rundo hilo alikuwa Kiarie, mume wake.

Kiarie alikuwa msagaji wa mahindi kwenye posho mill ya hapo mtaani. Kila jioni alikuja kumchukua mkewe, lakini hakuingia dukani akiwa mweupe unga tupu, aliogopa kuharibu mashine. Alisimama nje akamtumia ujumbe wa sauti kwa simu. Kwanza kilisikika kikohozi, maana unga ulikuwa umeshamla kifua, kisha maneno yale yale: "Mama Shiko, nisubiri. Niko hapa nje, najikung'uta." Kifua hicho ndicho kilichomuua. Baadaye simu ya Edinah iliibiwa, na ujumbe uliobaki duniani ni ule mmoja tu Edinah aliokuwa ameuweka ndani ya slaidi za mazishi yake.

Hakuutoa. Alisukuma alama yake nje ya ukingo wa slaidi isionekane, akashusha sauti mpaka mwisho. Kwa hivyo katika mazishi yote aliyoyafanyia slaidi, ya Molo, ya Njoro, ya Bahati, Kiarie alikuwepo akiongea chini kwa chini, asisikike na mtu. Mkewe alijua, na hilo lilimtosha. Wewe utasema ni wazimu. Mimi nitasema hujafiwa.

Sasa siku moja asubuhi akaja Wachuka. Mamake, Wamaitha, alikuwa azikwe kesho yake shambani kwao, upande wa Sachangwan. Siku zilizotangulia Wachuka alikuwa ameleta albamu kuukuu, Edinah akazipiga picha zake skani moja kwa moja ndani ya slaidi, akairudisha. Albamu yenyewe sasa ilikuwa mochari, ndani ya jeneza, chini ya mikono ya mwenyewe. Wamaitha aliagiza azikwe nayo, na wazee wa ukoo wakasema kitu kikishalazwa na maiti hakiokotwi. Hata Wachuka alipoomba wampigie kwa simu picha mbili tatu za humo albamuni, walikataa.

Edinah akamketisha kwenye benchi amwonyeshe kazi. Picha ya kwanza ikaja vizuri, Wamaitha akiwa msichana mbele ya nyumba ya mzungu fulani. Ya pili ikaja. Ya tatu ilipoanza kutokea, mtu akakohoa. Edinah alidhani ni Wachuka, Wachuka naye alidhani ni Edinah. Skrini ikawa nyeupe pe, programu ikajifunga yenyewe.

Ah, hizi mashine, alisema Edinah, na akafanya yale ambayo sisi sote hufanya. Alizima, akawasha. Alifunga programu nyingine zote, akachomoa printa, akapangusa kibodi iliyokuwa na vumbi jeupe, akasingizia upepo unaopeperusha magadi ya ziwani. Alipolifungua faili tena, kompyuta ikasema imejaribu kuokoa ilichoweza. Fremu ya maua meupe ikatokea polepole. Ndani yake hakuwemo Wamaitha. Alikuwemo mzee mmoja mwenye kofia, aliyezikwa Njoro mwaka uliopita.

"Huyu ni nani amekaa kwa mama yangu?" Wachuka aliuliza.

Edinah akafunga haraka, akafungua tena. Kikohozi kikaja, karibu zaidi safari hii, skrini ikawa nyeupe, na iliporudi ikaleta mtoto mchanga mwenye kofia ya sufu. Akamkumbuka, na akamkumbuka mamake alivyolia juu ya benchi lile lile. Akajaribu tena. Akaja mwalimu wa Bahati, aliyezikwa kabla ya huyo mtoto. Ndipo alipoelewa. Kila mashine ilipoanguka, ilikuwa ikishuka ngazi moja kwenda chini, na yeye alijua ni nani aliyekuwa chini kabisa akingoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Edinah alikuwa amewaficha wafu wa watu chini ya maua ya kompyuta.

Akaenda kumwita Bhavik, jirani yake muuza redio na simu, ambaye mashine zikimgomea mtu pale mtaani ndiye hukimbiliwa. Bhavik alikuja na laptopu yake, akainama, akapekua muda mrefu.

"Mama Shiko," alisema mwishowe, "hawa watu hukuwatoa. Umekuwa ukiwafunika tu."

Akamweleza polepole kwamba faili limeoza kwa uzito, na kila likifunguliwa linajila. Laptopu yake ilikuwa na nguvu, ingelishikilia mara moja kwa muda mfupi, pengine isilishikilie tena. Likifunguka, atoe vya mtu mmoja tu aweke kwenye faili jipya. Akianza kuhangaika na vya wa pili, atakosa vyote.

Bhavik alidhani anasema habari ya picha. Hakujua kuna sauti ya Kiarie humo. Edinah alisimama mkono ukiwa juu ya meza, na nikwambie bila kuficha, kwa kitambo kidogo alimchukia Wachuka. Alimchukia kwa kuja, kwa kukaa pale na leso yake. Angesema tu kwamba picha zimeharibika, pole sana, nani angejua? Mara ngapi kompyuta imesingiziwa? Kisha Wachuka akasema, wala hakusema kwa kuomba, "Sina picha nyingine ya mama." Edinah alilijua neno hilo. Aliwahi kulisema yeye mwenyewe, juu ya simu iliyoibiwa.

"Fungua," akamwambia Bhavik.

Faili likafunguka. Edinah akaanza kuzivuta picha za Wamaitha, moja baada ya nyingine, akiziangusha kwenye faili jipya. Kumbe ile laptopu haikujua habari ya sauti kushushwa. Kikohozi kikajaa duka zima, kavu, cha mtu aliyesimama mlangoni. "Mama Shiko, nisubiri," Kiarie alisema. Bhavik akageuka kuangalia nje. Edinah hakugeuka. Machozi yalimtoka, mikono ikaendelea kuvuta, msichana, bibi harusi, mama mwenye debe la viazi, na nyuma yake mumewe akimwambia yuko hapo nje, anajikung'uta. Aliangusha picha ya mwisho, na skrini ikawa nyeupe. Hawakuweza kulifungua faili lile tena, si siku hiyo, si baadaye.

Zile slaidi mpya alizijaribu mara kadhaa spika zikiwa zimefunguliwa kabisa, Wachuka akisikiliza. Hazikutoa sauti yoyote, na picha zilipita hadi mwisho. Wachuka akaondoka nazo kwenye flashi. Edinah akalala bila kula.

Kesho yake mchana simu ikalia, Wachuka akipiga kutoka Sachangwan. Alishukuru sana. Slaidi hazikukwama hata mara moja, watu walilia, wazee waliomkataza walikuwa wa kwanza kulia. Halafu akashusha sauti.

"Mama Shiko, kuna kitu. Picha ya mwisho ilipofifia tulisikia mwanaume akikohoa. Akasema nisubiri, niko hapa nje. Watu wote wakageuka kuangalia mlango wa tenti."

Edinah alikaa. "Mkaona mtu?"

"Hakuna mtu. Ni unga tu umemwagika hapo mlangoni. Labda ni wapishi walipita nao."

Bhavik alipoambiwa, alisema pengine sauti iliganda kwenye ile slaidi ya mwisho, mambo hayo hutokea. Edinah alimwacha aseme. Yeye alikuwa ameshamuuliza Wachuka swali moja, kama flashi bado anayo, na Wachuka akasema iko mkobani.

"Usimpe mtu," Edinah alimwambia. "Niletee leo."

Saa ya kufunga ikafika, saa ile Kiarie aliyozoea kuja kumchukua, majirani wakavuta milango yao. Edinah hakuvuta wake. Alizima kompyuta, akatoka nyuma ya meza, akaketi kwenye benchi la waliofiwa mlango ukiwa wazi, akasubiri.