Usinisaidie, Niachie Kidole

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha uhamiaji cha Kasumulu, mpakani na Malawi, niliingia kwa Mkuu wa Kituo nikausalimia ukuta. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba tu, na kumtazama mkubwa usoni sikuweza. Mkuu wa Kituo akauliza, "Kijana, huo ukuta umeitikia?" Kisha akanitajia kazi zangu: kufagia, kuchemsha chai na kushika vidole vya watu.

Siku hizi mnaona mtu anaweka kidole juu ya kioo, taa inawaka, basi. Wakati wetu tulikuwa na kibao, rola ndogo ya mpira na wino mzito mweusi. Unautandaza wino kwa rola mpaka uwe mwembamba, unashika kidole cha mwombaji, unakiviringisha mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili. Ukirudia, mistari inapandana na alama imeharibika. Naye mwombaji hutaka kukusaidia. Anageuza kidole mwenyewe, anakandamiza. Kwa hiyo neno la kwanza alilonifundisha Mkuu wa Kituo lilikuwa, "Mwambie hivi: usinisaidie, niachie kidole."

Vidole vya Kyela vina shida yake. Mtu aliyepandikiza mpunga tangu utotoni, au aliyemenya kokoa mbichi msimu hadi msimu, mistari yake imelika. Alama hafifu zilirudishwa kutoka makao makuu na mwombaji akaanza upya. Niligundua kwamba mistari iliyolika ukiikandamiza inalala. Inataka maji ya vuguvugu na sabuni, kitambaa kikavu, kisha mkono mwepesi sana. Hapo haya yangu ilinifaa, maana sikuwahi kumshika mtu kwa nguvu.

Baadaye nilihamishiwa Itungi, kwenye meli za ziwani. Mkuu wa pale alikuwa mtu wa sauti. "Vidole haraka, meli inaondoka!" Nikajifunza kufanya mambo taratibu huku ninapigiwa kelele. Ndipo nikaletwa Kyela mjini, chini ya Afisa Mfawidhi, mama mmoja mpole aliyesoma kila karatasi mara mbili.

Hapo mjini ndipo nilipomshika vidole Tusekile, binti wa Katumba Songwe, mtoto pekee wa mama yake. Alikuwa ameolewa na fundi wa visima, Mpolandi aliyekuja kuchimba maji vijijini, na sasa alihitaji pasipoti amfuate. Mikono yake ilikuwa ya mpunga mtupu. Nilimwosha mpaka akacheka, "Kaka, hata mama hakuniosha hivi!" Alama zake hazikurudi. Nilizionea fahari kama mtu aliyejenga nyumba.

Miaka ikapita. Siku moja Tusekile, akiwa amekuja likizo, akaingia ofisini na mama yake, mwanamke mwembamba aliyekataa kubaki nyumbani. Tusekile hakukaa chini.

"Afande, nataka kuomba uraia wa Poland. Nimekuja kuuliza kabla sijaweka sahihi."

"Kwa nini unautaka?" Mfawidhi akauliza.

"Watoto wangu ni Wapolandi kwa baba yao. Tukifika uwanja wa ndege kule, wao wanapita mlango huu, mimi ule wa wageni. Yule mdogo analia kila safari. Anadhani nitazuiwa."

Akatueleza taratibu za kule, nasi tukasikiliza, maana hakuna aliyewahi kuleta swali hilo Kyela. Mwenye mzazi Mpolandi kwa kawaida haombi uraia, anaomba kuthibitishiwa kwamba anao tangu kuzaliwa. Mgeni yeyote anaweza kumwomba Rais wao, na Rais huamua anavyoona. Aliyeolewa na raia ana njia yake: ndoa itimize miaka mitatu, awe amekaa kihalali miaka miwili mfululizo kwa kibali cha kudumu, na awe na cheti cha kujua lugha yao. Cheti cha kuzaliwa kinatafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Anayeamua ni kama mkuu wa mkoa wetu, wanamwita wojewoda. Akikubali, umekuwa raia. Pasipoti inaombwa baadaye.

"Na lugha umeiweza?"

"Nimefaulu, Afande. Mbele yake Kinyakyusa ni mteremko."

Mfawidhi hakucheka. "Wao hawakuambii uache uraia wa kwetu. Sheria yetu ndiyo inayosema. Mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka. Na asiye raia hamiliki ardhi hapa. Shamba la mama hutalirithi."

Tusekile akamgeukia mama yake. "Umesikia, mama? Usipotaka, siombi. Nitaendelea na mlango wa wageni."

Mimi nilishika birika la chai bila kumimina.

"Afande," yule mama akasema, "hilo shamba haliko Tanzania."

"Kivipi?"

"Mto Songwe ndio mpaka, nao ulihama. Mvua kubwa zile, tumelala shamba liko upande huu, tumeamka liko Malawi na mihogo yake. Nilikwenda ng'ambo nikawasalimia wenyeji, wakaniachia nilime. Nakaa nchi hii, nakula kutoka nchi ile. Kuna aliyesema mimi si wa Katumba Songwe?"

"Hakuna, mama," Mfawidhi akasema, na sasa alikuwa anacheka.

"Basi mtoto wangu mwacheni naye avuke." Akamshika Tusekile kiwiko. "Nenda ukawe Mpolandi, watoto wako wasilie. Ila ukija kwangu usipige hodi."

Nilistaafu kabla hajarudi. Nakaa Bondeni, hapa hapa Kyela, naandika polepole, na vijana niliowafundisha sasa ni maafisa. Juzi mama yake Tusekile alinijia asubuhi, akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Ugonile. Nisindikize Kasumulu. Mwanangu ameshukia Lilongwe, anaingia leo kama mgeni, nami sijui kupokea wageni wa Serikali."

Tulisimama nje ya dirisha. Tusekile alikuja na watoto wawili na pasipoti tatu za rangi moja. Kijana wangu mmoja alimwekea kidole kwenye kioo. Mashine ikakataa. Akampa kitambaa, akakishika kidole kwa wepesi, akasema, "Mama, usinisaidie. Niachie kidole."

Tusekile akaangua kicheko, akatutafuta kwa macho. Taa ikawaka.

"Unakwenda kwa nani?" kijana akamuuliza, kama kazi inavyotaka.

Hakuwahi kujibu. Mama yake alikuwa ameshapita chini ya kamba, na yule mdogo alikuwa ameshabebwa mgongoni kwa bibi.

"Haya, mwe, twendeni," mama akasema. "Mpunga wa ng'ambo umeiva."